Kikombe cha Bati

Siku hizi kila kikombe kipya kinapima mkono unaokishika, na sheria inakitaka kiiarifu hospitali mkono ukitetemeka. Cha Bi Zuhena kiliarifu mwezi wa nne. Daktari hakushughulika na mkono. Alipima titi, akakuta saratani ndogo kama punje ya mtama. Kinga ya mwili, katika kuipiga, ilikuwa inaumiza na ubongo, ndiyo maana mkono ukatetemeka. Saratani ikatolewa.

Leo asubuhi Zuhena alimimina chai asimwage hata tone.

“Umepona, mke wangu,” alisema Shamte.

“Alhamdulillahi. Mbona siku hizi unanywea kikombe cha bati cha marehemu mama?”

“Kinatunza joto.”

Bati halitunzi joto. Zuhena alikisikia kikigongagonga meno ya mumewe. Akaihamishia ile chai kwenye kikombe chake mwenyewe.

“Shika hiki. Mimi kilinisema, na nipo.”

Shamte alinyoosha mikono yote miwili.