Usiigeuzie Mlima

"Usiigeuzie mlima, shemeji! Usi..."

Fundi redio alichelewa. Ndege ilikata kona kuelekea mlimani, upepo ukaishika kwa nyuma, ikaja mbio na kujibamiza kwenye majani karibu na miguu yao. Bawa moja lilivunjika.

"Pole," fundi alisema. "Kila anayeanza huvunja."

Mwanamke aliliokota lile bawa. Hakupanda kilima kile kuja kucheza. Mumewe, fundi vioo, alikuwa gerezani kwa sababu ya ndege kama hii, ndogo ya mbao nyepesi, isiyo na injini, inayobebwa na upepo unaopiga mlima na kupanda juu, na kuongozwa kwa redio ya mkononi yenye vijiti. Siku moja ndege yake iliacha kutii ikiwa hewani, ikashuka na kumpiga kichwani mama wa watu aliyekuwa akijipitia zake njiani. Hakufika hospitali. Mahakamani fundi vioo alisema maneno machache tu: "Mikono yangu ilikosea. Kosa ni langu."

Mkewe hakuamini hata kidogo. Mikono ile ilikata vioo tangu ujana, na wateja walivuka mji mzima kuifuata. Kuna mtu alikuwa anafichwa. Na aliyekuwa kilimani na mumewe siku ile ni huyu huyu, rafiki wa kufa na kuzikana, ambaye tangu hukumu itoke hajakanyaga kwao hata kutoa pole. Kikulacho ki nguoni mwako. Mke mwenyewe alikuwa amewasindikiza, ila hakuona kitu. Upepo ulikuwa wa baridi kali, akabaki garini chini ya kilima.

Wakili alimwambia waziwazi: rufaa inakaribia, na bila jina la mtu mwingine hakuna rufaa. Ndipo akamfuata fundi redio na kumwomba amfundishe. Mwenye kufundisha husema mengi, hata asiyotaka kusema.

Alipokwenda gerezani kumwona mumewe, alimpa habari hiyo akidhani atafurahi. Fundi vioo aliushika wavu kwa vidole vyote.

"Acha, mke wangu. Nakuomba, usijifunze kitu pale."

"Unamlinda nani?"

"Simlindi mtu."

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

Mumewe aliinuka akaondoka kabla askari hajawaita. Mwanamke alilia njia nzima, kisha akafuta machozi na kurudi kilimani. Lakini sasa alikuwa na hakika.

Fundi redio aliliunga lile bawa lililovunjika kwa utepe wa gundi, polepole, bila kumtazama. Alikuwa mcheshi zamani huyu, mtu wa kuchekesha hata msibani. Siku hizi maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

"Haya. Unaanza kuwasha nini?"

"Redio. Ndege baadaye."

Alipeleka kidole kwenye swichi. Fundi akamdaka mkono kwa nguvu hata akamuumiza.

"Kibanio kwanza!"

Alitoa mfukoni kibanio cha nguo kilichoandikwa namba, akakibana kwenye mkono wa redio.

"Cha nini hiki?"

Fundi alikikaza kibanio. "Redio zetu ni kuukuu. Namba ni ya mawimbi: namba moja, mtu mmoja. Mwenye kibanio ndiye anayewasha. Wakiwasha wawili..."

"Wakiwasha wawili?"

"Ndege haijui imtii nani."

Mwanamke aliiweka redio chini. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa hasira, na kwa namna fulani ya furaha pia, kwa kuwa hatimaye alikuwa amefika.

"Kwa hiyo siku ile kuna mtu mwingine aliwasha."

"Tushuke, shemeji. Upepo unageuka."

Upepo haukuwa unageuka. Alikwisha kujifunza kiasi cha kujua hilo. Ulimpiga usoni vile vile.

"Ni wewe," alisema. "Umeua mtu, umemwacha mwenzako aozee gerezani, halafu unanishika mkono kunifundisha! Huna hata haya?"

"Nilikufundisha kwa kuwa sikujua nikukatalie vipi."

"Uliwasha, hukuwasha? Sema mbele ya Mungu!"

"Redio yangu ilikuwa dukani, juu ya meza, nimeifungua matumbo yote. Waulize vijana wa dukani. Siku ile nilikuja kutazama tu."

"Basi ni nani? Juu hapa mlikuwa wawili!"

Fundi alikaa chini kwenye majani, mtu mzima yule, machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Aliniapisha," alisema. "Mumeo. Kabla hata polisi hawajafika. Ndiyo maana siji kwenu, shemeji. Ningekutazamaje?"

"Alikuapisha umfiche nani?"

Fundi aliivuta redio karibu. Alikipapasa kile kibanio, akakibana na kukibanua, akakibana tena.

"Redio za namba ya ndege ile zilikuwa mbili," alisema mwishowe. "Zote za mumeo. Moja alikuwa ameishika hapa, nilipo mimi."

Mwanamke alitaka kumuuliza ya pili ilikuwa wapi, kisha akakumbuka. Siku ile mumewe alimwekea redio hiyo ya pili mapajani kabla ya kufunga mlango wa gari, akamwambia acheze na vijiti vidole vizoee, ili siku moja warushe pamoja. Mumewe alipopanda kilima, yeye akaiwasha, kitaa chekundu kikawaka, kikampendeza, naye akaendelea kusukuma vijiti huku na huku, akijichekea peke yake, mpaka aliposikia watu wakipiga mayowe.