Kifukofuko cha Shingoni

Siku ya tatu Sikudhani aliona ute wa kahawia ukichuruzika kifuani mwa mwanawe, ukinuka kama nyama iliyooza. Ulitoka kwenye kile kijumba cha mdudu ambacho mavyaa wake, Bi Kidawa, alikichuma mtini na kumfunga mtoto shingoni kwa uzi mweusi alipoanza kukohoa.

"Kinaitwa kifukofuko," Bi Kidawa alimwambia siku alipokifunga. "Jina limetoka kwenye fuko, kama lile alimokaa mtoto tumboni mwako. Kinamlinda mdudu, kitamlinda na huyu."

Sikudhani hakuwahi kumpinga. Sasa alikibonyeza kwa ncha ya kidole. Kitu laini kikajinyonganyonga ndani.

Alichukua mkasi, akaukata uzi mbele ya mavyaa wake.

"Umemvua kinga yake," Bi Kidawa alisema taratibu.

"Nimemvua uozo, mama."

Alimwosha mtoto kwa sabuni, akarudia tena, lakini harufu haikutoka. Bi Kidawa aliinama akakiokota kifukofuko, akakiweka kiganjani. Funza mweupe alichungulia, kisha wa pili, naye Bi Kidawa akaendelea kuwatazama, mkono wazi.