Jina la Tano

Kila mwaka mabaharia wastaafu wa nyambizi walikutana katika ukumbi mdogo wa mji, wakasoma majina ya wenzao saba waliofia baharini na kugonga kengele kwa kila jina. Mwaka huu zamu ya kusoma ilimwangukia Shaweji. Alisoma majina manne, akakwama kwenye la tano.

"Endelea, ndugu yangu," mwenyekiti alimnong'oneza.

Shaweji akamgeukia Bi Sikudhani, mjane wa marehemu huyo. "Shemeji, maji yalipoingia chumba cha injini, mimi ndiye niliyefunga mlango. Niliamriwa. Mumeo alikuwa ndani, angali hai. Alikuwa akiita."

Bi Sikudhani aliwatazama wazee wengine. Wote waliinamisha vichwa.

"Kumbe mlijua," alisema. "Miaka ishirini na sita nawapikia pilau, mnanishukuru, mnakwenda zenu."

Akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakiweka mbele yake.

"Kaa, shemeji. Niambie alikuwa akisema nini."

Shaweji alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akabaki amesimama.