Aliyesimamishiwa Saa

Saa ilikuwa imesimama, na Asahel Frisbie bado alikuwa hai.

Alilala akitazama dari, akiusikiliza ukimya. Saa ile ya rafuni aliitengeneza mwenyewe, magurudumu ya mbao mpaka la mwisho, kabla saa za shaba za bei chee hazijamfungia karakana. Haikuwa imeishiwa ufunguo. Asubuhi mkewe, Mehitabel, aliijaza kama kawaida. Kuna mkono ulioikamata pendulamu inayoyumba ndani yake. Na hapa Bristol saa hukamatwa hivyo kwa jambo moja tu, mtu akikata roho.

"Hawa wamekwisha kunizika," alijisemea.

Hakuwalaumu sana. Tangu mavuno alikuwa mtu wa kulishwa na kugeuzwa kitandani, na dawa ya usingizi ilimzima kabisa. Alikuwa amechoka. Kufa hakukumtisha tena. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka, kujua kama Mehitabel angemlilia. Mwanamke yule alimuuguza bila kulalamika, lakini bila neno tamu pia, na miaka arobaini ya ndoa haikumtosha Asahel kuusoma moyo wake.

Basi akajikausha, akatega sikio. Bahati ya namna hii haiji mara mbili.

Jikoni Lois, binti yao, alikuwa akilia kwa kwikwi. Asahel akafarijika, kumbe mtoto ana moyo. Kisha ikasikika sauti nzito ya Upson, seremala jirani.

"Mbao ninazo. Futi tano na nusu zitatosha."

Futi tano na nusu! Asahel alikuwa na futi sita na ushei.

"Bahili wewe," alinong'ona. "Utanikunja magoti."

Akaendelea kusubiri. Lois alilia, Upson akapenga kamasi. Sauti ya Mehitabel haikusikika, hata kikohozi. Miaka yote hiyo, na chozi moja limemshinda!

"Lois!" aliita kwa hasira.

Mlango ukafunguka. Lois hakushtuka kumwona yu macho. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha ukutani, akakifunika kwa shuka.

"Acha hicho kioo. Sijafa, mwanangu. Mwambie huyo Upson arudi na mbao zake."

"Najua hujafa, Baba."

"Na mama yako je? Yeye macho makavu, siyo? Mwite aje aniambie usoni."

Lois akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Alitoka kukuletea kuni za chumba hiki, Baba," alisema. "Tumemkuta kwenye theluji, bado amezikumbatia."