Plasta kwenye Skrini

Kwenye skrini ya maabara, Bi Mwanakombo, mpimaji wa damu, alikuwa amebandika plasta ya kidonda juu ya kitufe cha "Futa", kilichokaa ubavuni mwa "Hifadhi". Mara tatu alikuwa amefuta picha za damu kwa bahati mbaya, sampuli zikiwa zimeshatupwa, na wagonjwa wakachomwa vidole upya ili watolewe damu nyingine.

Sekela, aliyeandika programu ya maabara hiyo, alipofika kuikagua aliiona plasta.

"Kitufe nilikiweka mimi, mama. Nisamehe."

"Kumbe ni wewe! Nimekusengenya mwaka mzima."

Sekela alicheka, akafungua programu na kukihamishia kitufe pembeni kabisa, mbali na "Hifadhi".

Mtoto aliyetoka kuchomwa alikuwa bado analia. Bi Mwanakombo akagusa skrini, picha ikahifadhiwa.

"Huyu hachomwi tena. Ahsante, mwanangu."

Akabandua plasta taratibu. Mtoto akanyoosha kidole kilichochomwa, akidhani ni yake.