Supu ya Mwani

Yerim alifunua sufuria zote tatu jikoni. Hakuna hata moja iliyokuwa na supu ya mwani.

Leo alikuwa anatimiza miaka kumi na saba. Katika nyumba zote za Wakorea alizozijua hapa Palisades Park, Marekani, mtu huamkia supu ya mwani siku yake ya kuzaliwa. Kwao tu ndiko supu ilikopangiwa ratiba na mitihani. Mwani unateleza, mama yake husema, na ukiula siku ya mtihani majibu yanakuteleza kichwani. Alipotimiza kumi na tano hakuipata, kulikuwa na mtihani wa hesabu. Alipotimiza kumi na sita hakuipata, kulikuwa na kemia.

Lakini leo ilikuwa Jumamosi ya masomo ya ziada tu. Ndivyo alivyowaambia wazazi wake. Ukweli ni kwamba saa nne alikuwa na majaribio ya kujiunga na kikundi cha ngoma, nafasi moja kwa wapigaji ishirini, na alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima kwa siri. Mama alishasema kwamba ngoma haimpeleki mtu kwenye udaktari. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mama akamwekea sahani ya keki za mchele, zile za kunata, za siku ya mtihani, ili majibu yagande.

Yerim akauliza supu iko wapi. Mama akasema ataipika kesho.

"Mama, leo sina mtihani."

"Kula."

"Mtoto wa jirani zetu kina Noh kapikiwa juzi, japo hesabu alipata sifuri."

"Si ndiyo uone."

Yerim akameza keki mbili kama anayemeza dawa. Akamwambia mama kwamba katika nyumba hii yeye si mtoto, ni karatasi ya majibu. Mama akafuta meza, palepale alipokwisha kufuta.

Yerim akabeba begi, akainama mlangoni kuvaa viatu. Alisema kwa hasira kwamba anachelewa masomo.

"Mwalimu nimeshampigia, nimemwambia leo huendi." Mama alikuwa amesimama nyuma yake na keki ya tatu mkononi. "Malizia na hii. Baba yako yuko garini, anauliza huo ukumbi wa ngoma uko mtaa gani."