Ukuta wa Mwanaima

"Bandua," Mwanatumu alisema.

Fundi Dzombo alikuwa juu ya meza, mikono yote miwili imeushikilia ukanda wa kwanza wa karatasi ukutani. Gundi ya unga wa ngano ilikuwa bado mbichi, inamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Mama, si ndiyo kwanza nimebandika?"

"Basi ngoja. Usibandike mwingine mpaka nikwambie."

Akatoka nje. Hakuwa na shida yoyote huko nje. Alifika kisimani, akaitazama ndoo, akarudi bila maji. Tangu asubuhi ndivyo alivyokuwa, hakai, hatulii. Alikifagia chumba kile mara mbili, chumba alicholala yeye mpaka juzi, kabla ya kuhamishia kitanda chake upande wa uani.

Karatasi ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Ilikuwa na maua mekundu, na mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu. Chirau, bwana harusi, aliifuata Mombasa, akavuka nayo kivuko cha Likoni ameikumbatia kifuani isipate kulowa. Mwaka huo wa hamsini na sita, mtaa wao wa Msambweni haukuwa na nyumba hata moja iliyovishwa karatasi kuta zake. Mwanaima aliiona kwa shangazi yake mjini, akaitaka, na neno la bibi harusi likapokewa.

Lakini Mwanatumu alipata kufua nguo kwa Wazungu wa Galu, na nyumba yao ilikuwa na karatasi kama hiyo. Masika ya kwanza ilifura. Masika ya pili ikaanza kubanduka pembeni, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, unanuka kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni. Bibi wa nyumba alikohoa mpaka wakahama.

Na Mwanaima alikuwa na pumu.

Hilo Mwanatumu hakuambiwa na mtu. Wanawake walipokwenda Kinondo kumwona mchumba, msichana alipita na sinia la kahawa, na alipoinama mbele yake Mwanatumu alisikia kifua kikilia kwa ndani kama filimbi. Msichana akajua kwamba amesikiwa. Macho yakamjaa maji. Neno moja tu, na posa ingerudishwa. Mwanatumu akainywa kahawa yake kimya, na njia nzima ya kurudi hakusema kitu.

Sasa pia angeweza kunyamaza. Kunyamaza hakuna kazi. Karatasi ingebandikwa, vigelegele vingepigwa, na masika yangefanya mengine yenyewe. Wazo hilo lilimjia akiwa kwenye kizingiti cha mlango, likakaa naye kitambo. Akaliogopa kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

Aliingia ndani, akaushika ukanda ule kwa juu, akauvuta. Ukaanguka chini wote.

"Subhanallah!" Dzombo aliruka kutoka mezani.

Chirau alikuwa anaingia na kapu la nazi. Aliliweka chini taratibu.

"Nini hiki?"

"Koroga chokaa, fundi," Mwanatumu alisema. "Tia nili kidogo, ipate kuwa buluu ya kupendeza."

"Chokaa?" Chirau alisema. "Kila nyumba hapa ina chokaa. Wewe uliridhika na chokaa, sawa. Mwanaima si wewe."

"Najua si mimi."

"Basi kwa nini?"

Hakuweza kumwambia. Siri ya msichana haikuwa yake kuitoa.

"Kuta hizi zina unyevu," alisema. "Chokaa huuacha ukuta upumue. Karatasi itaoza, na huyo mtoto wa watu atalala humo akivuta uozo."

"Ikioza nitanunua nyingine."

"Hutanunua. Nakujua."

Dzombo aliinama akajifanya anatafuta brashi yake.

"Arusi ni kesho," Chirau alisema, sauti imeshuka. "Nimemwahidi. Atasema nimemdanganya kabla hata hajaingia."

"Mwambie ni mimi niliyekataa. Mwambie nina roho mbaya."

Chirau aliuokota ukanda ulioanguka. "Watu wataamini."

"Wataamini upesi. Waache."

Chirau alilichukua kapu lake akapita jikoni. Dzombo akaanza kukoroga. Kufikia adhuhuri alikuwa amepaka mkono wa kwanza, na jioni ule wa pili. Mwanatumu alifungua madirisha yote, akayafunga, akayafungua tena. Jirani yake Mwanapili alichungulia, akaona chokaa imemrukia mpaka kwenye nyusi.

"Mwenzangu, una moyo wewe!" alisema. "Mimi hata ufagio nisingeushika."

Mwanatumu alicheka kidogo, akaendelea kupangusa sakafu.

Kesho yake ukuta ulikuwa umekauka, buluu ya kutuliza macho, na chumba kilikuwa baridi, hakina harufu ila ya usafi. Aliutandika mkeka mpya. Akatandika kitanda, akakitandua, akakitandika tena. Baada ya sala ya alasiri wanaume walikwisha kusanyika nje wakipiga ngoma zao za madufu, wakiita bwana harusi atoke waende Kinondo nikaha isichelewe.

Chirau alitoka amevaa kanzu na joho. Alifika kwenye mlango wa chumba kile akasita, akauangalia ukuta, kisha akamwangalia yeye.

Mwanatumu alimsogelea. Alimweka sawa shingo ya kanzu iliyokunjika, akampangusa vumbi begani kwa kiganja, akarudi nyuma kumpisha.

"Nenda, mume wangu," alisema. "Mke mwenzangu anakungoja."